Kikombe cha Jirani

Siku ambayo Rawiya aliamka akidhani Mola amemfungulia, ndiyo siku Salhiya alipopanda ngazi na maneno yake. Salhiya alikuwa jirani wa mlango wa tatu pale Kiponda, mwanamke mwema asiyemtakia mtu shari, ila mdomo wake haukuwa na komeo. Alikuja na sahani ya visheti visivyo na sukari, ambavyo kwa kweli si visheti, akachungulia chumbani na kumkuta Bi Hamda amelala, kisha akamfuata Rawiya jikoni kupiga soga. Nje mvua ya masika ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Rawiya alimkaribisha kwa uso mkunjufu. Kwa muda mrefu hakuwa na uso huo. Mama yake, Bi Hamda, alikuwa na maradhi ya sukari ya miaka mingi. Vidonge vilikuwa havimtoshi tena, na kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Daktari alikwisha kusema bila kuzunguka: sindano kila siku, au mguu utakatwa, na baada ya mguu asiulizwe. Bi Hamda alikuwa akiikataa sindano kama mtu anavyokataa kaburi, kwa kuwa dada yake alianza kuchomwa Rajabu na Ramadhani hakuiona. Lakini sasa ilikuwa wiki ya pili anachomwa, na anayemchoma ni Rawiya mwenyewe, ambaye kazi yake ni kuuza dawa katika famasi moja karibu na Darajani. Kidonda kilianza kukauka pembeni. Asubuhi ile Rawiya alikiosha huku akiimba.

"Mama yako bwana ana imani," Salhiya alisema, akijimiminia chai. "Hata mie niliyetokewa na kikaratasi cha kutokunywa, alininywesha."

Rawiya aliuliza alimnywesha nini.

"Maji yake ya bamia. Wewe ukishatoka tu kwenda kazini, yeye huyo mlangoni na kikombe, anachechemea na mguu wake ule. Nami tumbo tupu namngoja. Utakirudishaje kikombe cha Bi Hamda? Utaambiwa umejiona."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu wapi. Sote. Alisema haiwezekani yeye na wenzake wanywe dawa na majirani zake wengine wakodoe macho."

Salhiya aliendelea na habari nyingine, ya mwanamke wa Jang'ombe aliyerudiana na mumewe, lakini Rawiya hakusikia tena. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi akamwangalia jirani yake anavyotafuna.

Ili mtu aelewe kwa nini kikombe cha maji kilimvunja Rawiya nguvu, lazima amjue Fayaz. Fayaz alikuwa mtoto wa Riaz, muuza miwani wa Hurumzi, na mwenyewe akisomesha takwimu chuoni. Kwa mwaka wa nne sasa yeye na Rawiya walikuwa wakipendana kwa adabu na kwa mateso. Dini moja, msikiti mmoja, lakini Fayaz ni Mhindi na Rawiya ni mtoto wa Kimanga, Mwarabu wa asili ya Oman, na Ami Zahor, ndugu wa marehemu baba yake na walii wake wa kumwozesha, alikwisha kusema kwamba ukoo wao haujapata kuoza binti kwa mwenye duka. Mtu angedhani bado wanamiliki nusu ya Mangapwani, kumbe kilichobaki huko ni ukuta na minazi mitatu. Aliyekuwa upande wa vijana ni Bi Hamda peke yake.

Na Bi Hamda alikuwa na maji yake. Kila usiku alikata bamia, akazilowesha, na asubuhi akanywa ule utelezi kabla ya kula kitu. Aliamini kwamba hayo ndiyo yaliyomweka hai, na nusu ya wanawake wa mtaa wenye sukari walimwamini. Fayaz hakumcheka. Alimwambia kwa heshima kwamba mtu akinywa kitu akapata nafuu, haijulikani bado kama nafuu imeletwa na kile kitu au na jambo jingine. Lazima pawe na wanaokunywa na wasiokunywa, na anayewagawa asiwe mtu bali kura, wasije wagonjwa wazito wakaangukia upande mmoja. Kisha alimchotea konzi mbili za njugu kutoka mfuko mmoja, akampa apime kwa mikono.

"Zipo sawa?"

"Hii imezidi kidogo."

"Na mfuko ni mmoja. Basi tofauti ndogo namna hiyo huja yenyewe tu, Bi Hamda. Tukiona tofauti kubwa kuliko hiyo, hapo ndipo tutasema maji yana kazi."

Bi Hamda alipenda. Alisema hakujua kama hesabu inaweza kuwa na adabu. Akaapa mbele ya wote kwamba hesabu zikionesha maji yake si dawa, atachomwa sindano na hatotia neno. Wanawake hao, Salhiya akiwemo, wakachagua vikaratasi kutoka bakuli, nusu wanywe na nusu wasinywe, na kila Ijumaa Rawiya akawatoboa vidole na kuwapima. Mwezi ulipokwisha, Fayaz alitafuta wastani wa kila upande. Sukari ya waliokunywa ilishuka. Ya wasiokunywa ilishuka vilevile, na tofauti iliyobaki ilikuwa ya konzi za njugu. Basi si maji, alisema. Ni kule kupimwa kila wiki kulikowatia hofu, wakapunguza chai tamu na mikate ya kumimina. Bi Hamda alinyoosha mkono ili achomwe.

Sasa Rawiya alijua kwamba hapakuwa na pande mbili. Mtaa mzima ulikuwa upande mmoja, ukinywa kikombe kimoja.

Alasiri alikwenda Hurumzi. Hakwenda kumshtaki mama yake wala kumshtua Fayaz. Alikwenda kutafuta faraja. Alitaka aambiwe kwamba kikombe si kitu, hesabu bado imesimama. Duka la miwani, ambalo Fayaz humshikia baba yake kila alasiri, ndilo lililokuwa mahali pao. Rawiya hukaa kwenye kiti kirefu, Fayaz akamwekea kioo kidogo na kumpa fremu moja baada ya nyingine, na wapita njia wakaona mteja anachagua miwani. Kwa macho yake yale mazuri yasiyo na ila, hapakuwa na mwanamke Unguja nzima aliyejaribu miwani mingi kuliko yeye.

Alimweleza akiwa amevaa fremu nyeusi. Fayaz, aliyekuwa akifuta nyingine kwa kitambaa, alisita.

"Wote?"

"Wote."

"Kila siku?"

"Kila siku, Fayaz. Amekwenda mlango kwa mlango."

Aliiweka ile fremu chini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kwenye kioo Rawiya aliuona uso wake ukibadilika, na akajua kwamba faraja haipo.

"Basi hatukupima kitu," Fayaz alisema. "Nimelinganisha maji na maji. Labda yanafaa, labda hayafai. Nilimwambia mama yako najua, kumbe sijui."

Rawiya alivua miwani. Alimwambia kwa sauti ya chini, maana mtu alikuwa amesimama barazani kujikinga na mvua, kwamba jambo hili wanalijua wao wawili na Salhiya, na Salhiya hajui maana yake. Likae hapo. Akaomba mwezi mmoja tu, kidonda kifunge, Mama aizoee sindano.

"Anachomwa kwa neno langu," Fayaz alisema. "Na neno lenyewe si kweli."

"Neno si kweli, lakini sindano ni kweli. Mguu unakauka. Nimeuona kwa macho haya unayoyauzia miwani."

Fayaz alitabasamu kidogo bila kutaka, na tabasamu lile lilimuuma Rawiya kuliko ugomvi. Alimpenda. Alimpenda hata vidole vyake vyenye wino. Fayaz alisema atakwenda na kumweleza Bi Hamda yote mawili: kwamba maji hawayajui, na kwamba sindano inajulikana, imepimwa kwa watu wengi na katika nchi nyingi, wala haikutegemea vikombe vya Kiponda. Mama yake ana akili, atafahamu.

"Atasikia nusu anayoitaka," Rawiya alisema.

"Rawiya, nikimficha mama yako leo, kesho n'takuficha wewe. Utanijuaje?"

Ukweli huo ndio Rawiya aliompendea. Mwaka wa kwanza kabisa, kabla hata ya kumwambia kuwa anampenda, Fayaz alimwambia kwamba kwao amechaguliwa binti wa Dar es Salaam na kwamba atamkataa, lakini ajue. Wanaume wengine huanza na maua. Yeye alianza na lile alilopaswa kulificha.

"Mie nshazika baba," Rawiya alisema. "Sitaki kumzika mama kwa ajili ya ukweli wa mtu. Ukenda kumwambia, usinitake tena."

Walitazamana ndani ya kioo, maana ana kwa ana hawakuweza. Macho ya Fayaz yalikuwa yamejaa maji. Alinyoosha mkono kama atakayemgusa bega, akakumbuka barazani kuna mtu, akaurudisha. Rawiya aliteremka kwenye kiti, akajifunika buibui lake na kuingia mvuani bila kuaga.

Fayaz alikuja Ijumaa, baada ya sala. Alilowa mpaka kanzu imeshika magotini. Ami Zahor alikuwepo, kama ilivyo desturi yake kula Ijumaa kwa shemeji yake, na alipoamkiwa alijibu marahaba kwa pembe ya mdomo. Rawiya alikuwa amesimama na birika la kunawia mikono. Alimwangalia Fayaz mara moja, akaona hakulala, akayarudisha macho kwenye beseni.

Fayaz hakumtia Bi Hamda lawama hata kidogo. Alisema kosa ni lake. Amezaliwa mitaa hii, na alipaswa kujua kwamba hapa mtu hali peke yake wala hanywi peke yake. Alipaswa kuuliza, na hakuuliza. Akaeleza kwamba hesabu imeharibika na lile jibu alilotoa lihesabiwe halikutolewa. Kisha, bila kuvuta pumzi, akaingia kwenye nusu ya pili: sindano si habari ya bamia, sindano ina ushahidi wake, na kwa haki ya Mungu asiiache.

Lakini uso wa Bi Hamda ulikuwa umekwisha kuchanua kwenye nusu ya kwanza.

"Kwa hivyo wote walikunywa," alisema.

"Ndiyo, Bi Hamda."

"Na wote sukari yao ilishuka."

"Ilishuka, lakini hatujui kwa sababu gani. Labda ni maji, labda ni kule kujihadhari, labda…"

"Wewe hujui, mwanangu. Mie najua." Alicheka kicheko ambacho Rawiya hakukisikia tangu Fayaz asome majibu yake. "Kiapo changu nilikiweka juu ya hesabu. Hesabu imeanguka, na kiapo kimeanguka nayo. Rawiya, zitoe sindano zako ndani ya friji, nataka kuweka bamia."

Fayaz alibembeleza. Alirudia maneno yale yale kwa namna tatu, akarudi kwenye njugu, akataja kidonda. Bi Hamda alimsikiliza kwa mapenzi makubwa na mwisho akamwambia pilau inapoa. Ami Zahor alikuwa akipapasa ndevu wakati wote. Fayaz alipokwisha kuondoka, alisema kwamba katika umri wake ameona watu wengi wakija kujisifu kwa wakwe, lakini hajaona mtu aliyetembea mvuani kuja kuharibu maneno yake mwenyewe. Mtu huyo, alisema, ana amana. Rawiya alikuwa jikoni, friji liko wazi mbele yake, analia bila sauti.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Kidonda kilianza kulowana tena. Rawiya aliomba, alilia, aliacha kula. Alimleta daktari nyumbani, na Bi Hamda akamkirimu kahawa na halua na kumwambia kwamba wataalamu wenyewe wamekiri hawajui. Fayaz alikuja kumbembeleza mara nyingi, na kila mara aliteremka ngazi ameinamisha kichwa. Rawiya hakutoka chumbani kumwona. Kila asubuhi Bi Hamda alivuta udi, kwanza chumbani, kisha ukumbini, kisha nyumba nzima mpaka kwenye ngazi. La kuvunda halina ubani, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Na katika siku hizo hizo, mlango uliofungwa miaka minne ukafunguka. Ami Zahor alituma ujumbe Hurumzi kwamba posa ikija haitorudishwa.

Siku ya kuleta posa wanaume walikaa chini, Fayaz na baba yake Riaz na wazee wawili wa msikitini. Wanawake walikuwa juu. Salhiya alikwisha kulamba midomo tayari kwa vigelegele. Bi Hamda alikaa kwenye kiti cha enzi cha marehemu mumewe, mguu juu ya kigoda, umefunikwa kanga mpya, na uso wake ulikuwa na furaha na homa, haikujulikana kipi kimezidi. Ami Zahor alipanda na bakora yake kuja kumuuliza bibi harusi.

Kwa desturi, mwari hajibu. Akiulizwa, huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa. Hapana neno jepesi duniani kuliko lile asilotakiwa mtu kulisema. Rawiya alikuwa amelingojea swali hili miaka minne. Usiku mwingine alilala akilifanyia mazoezi, anainama kidogo, na anasikia nyumba nzima ikilipuka kwa furaha.

Kabla ya ami yake kuanza, alimwinamia mama yake sikioni. Alimwambia kwamba atanyamaza, wallahi atanyamaza, ila kesho asubuhi akubali sindano.

"Mambo mawili hayo usiyachanganye, mwanangu," Bi Hamda alimnong'oneza, akamshika shavu. Kiganja kilikuwa cha moto. "Mie mzima. N'tacheza harusini kwako."

Ami Zahor alikohoa. Alimtaja Fayaz bin Riaz kwa jina lake na jina la baba yake, akauliza kama Rawiya binti wa ndugu yake amemridhia.

Rawiya aliinamisha kichwa. Chini ya kanga aliiona ncha ya mguu wa mama yake, rangi yake, na harufu ilipenya katikati ya udi. Alimwona Fayaz kitandani kwake kila asubuhi ya maisha yao, mwema, mkweli, hana kosa. Na yeye pembeni yake, akimpenda, hawezi kumsamehe. Salhiya alivuta pumzi kwa ajili ya kigelegele.

"Hapana, ami," Rawiya alisema.

Ami Zahor alidhani hakusikia vizuri. Aliuliza tena, na akajibiwa vilevile. Bi Hamda alimshika mwanawe mkono akauliza ana wazimu gani, si huyu huyu aliyemlilia.

"Nilimwomba asiseme, akasema."

"Lakini alisema kweli," ami yake alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mie nimempendea hilo."

"Najua, ami. Nami nilimpendea hilo."

Ami Zahor, amezeeka ghafla, aliikamata bakora yake na kuanza kuteremka. Ngazi za nyumba ile ni ndefu na nyembamba, na Rawiya alisikia kila hatua. Chini watu walikuwa wakiongea na kucheka. Walinyamaza kwa heshima walipomsikia mzee anakuja. Akamsikia ami yake akifika chini na kuita jina moja tu, Fayaz.

"Naam, ami," Fayaz aliitika kwa sauti ya furaha, na ilikuwa mara ya kwanza Rawiya kumsikia akimwita hivyo.